Msanii Akizeeka Atakula Nini?

Ndugu msomaji, si ajabu kwamba nyumbani kwako yupo kijana anayetaka kuwa msanii. Huenda ni mwanao wa kuzaa, huenda ni mdogo wako uliyemleta kutoka kijijini ili asome, na sasa daftari lake la hesabu limejaa maneno ya nyimbo. Wazazi wengi hulipokea jambo hili kwa namna moja kati ya mbili: ama humgombeza kijana mpaka akaacha au akatoroka, ama humwachia Mungu. Makala haya yanapendekeza njia ya tatu, nayo ni kuihesabu sanaa kama kazi, kwa kalamu na karatasi, kama vile mfanyakazi wa kiwandani anavyohesabu zamu zake, mshahara wake na makato yake. Na mahali pazuri pa kuanzia hesabu hiyo ni Kisarawe, kwani wilaya hiyo moja ya Mkoa wa Pwani ilitoa wanamuziki wawili ambao hapana Mtanzania wa makamo asiyewajua, na ambao maisha yao yalikwenda njia mbili tofauti kabisa.

Wa kwanza ni Muhidin Maalim Gurumo, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki. Masaki hii usiichanganye na ile ya Dar es Salaam yenye nyumba za mabalozi. Hii ni Masaki ya mihogo na mikorosho. Wa pili ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, aliyezaliwa Mzenga mwaka 1944 na kukulia Morogoro. Gurumo aliimba kwa muda wa miaka 53 akiwa, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, mwanamuziki wa kuajiriwa. Mbaraka aliimba kwa muda wa miaka isiyofika 20, akaongoza bendi, akarekodi sana, kisha akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Mmoja alipewa umri, mwingine hakupewa. Lakini swali lililowakabili lilikuwa moja: je, kazi hii itanilisha lini, na itaacha kunilisha lini?

Kabla ya kuwafuata wazee wetu hao wawili, yafaa tukumbuke kwamba huko walikozaliwa msanii hakuwa mtu wa kuulizwa swali hilo. Katika vijiji vya Uzaramo mpiga ngoma alikuwa kwanza mkulima. Mwali akitolewa, wenye shughuli waliwaita wapigaji, wakawalisha, wakawatuza mbele ya watu kwa fedha na kanga, na asubuhi ya pili mpigaji alirudi kwenye shamba lake la mihogo. Sanaa ilikuwa heshima na kitoweo. Ugali ulitoka shambani. Msanii wa mjini ndiye wa kwanza kuambiwa ale, alipe kodi ya nyumba, anunue sare za watoto na amwuguze mama yake kwa ngoma peke yake. Hili ni jambo jipya katika historia yetu, wala halijafikisha miaka 100, na ndiyo maana bado tunalijaribu na kulikosea.

MSHAHARA WA NUTA

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bendi nyingi za Dar es Salaam zilikuwa za vilabu. Kijana alifanya kazi bandarini au ofisini mchana, na jioni alichukua gitaa la klabu. Gurumo naye alipitia huko, katika bendi kama Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Mwaka 1964, chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka huo huo, NUTA, kilianzisha bendi yake, naye akawa miongoni mwa waanzilishi. Jambo lililofanyika pale halikuwa dogo. Wanamuziki waliajiriwa. Walipokea mshahara wa mwezi kama karani au dereva, vyombo vilinunuliwa na mwajiri, na mwanamuziki akaanza kuonekana kuwa mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi. Ule msemo wa wakwe kwamba binti yao hawezi kuolewa na mpiga gitaa ulipungua nguvu, maana mpiga gitaa sasa alikuwa na tarehe ya mshahara.

Mfano huo ulifuatwa. Jeshi, Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na mashirika ya umma yakawa na bendi zao. Mlimani Park ilipozaliwa mwaka 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, na Gurumo aliondoka NUTA, ambayo wakati huo ilikuwa imegeuka JUWATA, akaenda kuwa miongoni mwa viongozi wa bendi hiyo mpya. Kampuni ile ilipotetereka, Mlimani ikachukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mwaka 1985 Gurumo, pamoja na wenzake akina Hassan Bitchuka na Abel Balthazar, walihamia Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, bendi ya mtindo wa Ndekule. Hatimaye akarudi kwenye bendi yake ya zamani, ambayo ilibadili jina kila chama cha wafanyakazi kilipobadili jina: NUTA, JUWATA, OTTU, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma.

Tazama vizuri safari hiyo, ndugu msomaji, kwa jicho la mfanyakazi na si la mpenzi wa dansi. Mpenzi wa dansi huona vita vya bendi, nani kamhamisha nani, Sikinde na Msondo. Mfanyakazi ataona jambo jingine. Ataona kwamba katika kila kituo vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Gitaa, ngoma, vipaza sauti, gari, hata jina la bendi, vyote vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alipohama alichukua sauti yake na nguo zake, basi. Ataona pia kwamba uhai wa bendi ulitegemea uhai wa taasisi iliyoimiliki. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba na kuuzwa, hasa katika miaka ya 1990, wengi wa wanamuziki walijikuta wakitegemea kiingilio cha mlangoni, fedha ya usiku ule ule, ambayo mvua ikinyesha haipo.

Sisi hatusemi kwamba ajira ile ilikuwa mbaya. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapajawahi kuwa na mpango mwingine nchini uliomfanya mwanamuziki wa kawaida, asiyekuwa nyota, apate mshahara wa kumwezesha kupanga nyumba na kusomesha. Mpiga besi ambaye jina lake hukulijua alikula kwa mpango ule. Lakini mshahara ni mti uliopandwa katika chungu cha mwingine. Mwenye chungu akihama, mti hauna pa kwenda.

Mwaka 2013, baada ya kuugua, Mzee Gurumo alitangaza kustaafu muziki. Habari iliyowashtua wengi haikuwa kustaafu kwenyewe, bali maelezo yake kwamba kwa miaka yote ile muziki haukumwezesha kumiliki hata baiskeli. Mwaka huo huo kijana Nasibu Abdul, ajulikanaye kama Diamond Platnumz, alimzawadia gari hadharani. Watu walipiga makofi, na walistahili kupiga, maana kijana alionyesha adabu kwa mzee wake. Mzee Gurumo alifariki dunia tarehe 13 Aprili 2014 akazikwa kwao Masaki. Hata hivyo fanya hesabu moja ndogo. Miaka 53 ni miezi 636. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ya mwaka 1997, iliweka miezi 180 ya michango kuwa sharti la mwanachama kustahili pensheni ya uzee. Miezi 636 ni zaidi ya mara tatu ya 180. Kwa maneno mengine, muda aliofanya kazi mtu yule ungetosha kuwastaafisha wafanyakazi watatu mmoja baada ya mwingine. Kazi ilikuwepo, na ilikuwa nyingi kupita kiasi. Kilichokosekana ni mpango wa kuihesabu kazi ile kama miezi ya utumishi, kutoka bendi moja hadi nyingine, bila kukatika.

NYIMBO ZINAZOFANYA KAZI PEKE YAKE

Sasa tumfuate Mbaraka. Huyu alipata jina akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 aliondoka akaunda bendi ya Super Volcano akiwa kiongozi wake mwenyewe. Yeye hakusubiri mwisho wa mwezi. Alitegemea mambo mawili, safari na sahani za santuri. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania kwa ajili ya redio, lakini aliyetaka santuri ya kuuzwa dukani ilimbidi atazame Nairobi. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Fikiria ugumu wa mtu ambaye soko lake na mitambo yake viko ng'ambo ya mpaka. Mbaraka aliendelea kwenda, na ni huko Kenya, katika safari ya kazi, mauti yalikomkuta, karibu na Mombasa.

Baada ya kifo chake likatokea jambo ambalo kila mzazi wa msanii anapaswa kulitafakari. Nyimbo hazikufa naye. Wimbo wake wa Shida ulipendwa mno, na kampuni ya santuri ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa upya katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho. Leo ni zaidi ya miaka 45 tangu azikwe, na Jumapili mchana, kipindi cha zilipendwa kikianza, sauti yake bado inaingia kazini. Mfanyakazi gani mwingine huingia kazini miaka 45 baada ya kuzikwa? Fundi cherehani akifa, cherehani hunyamaza. Mwalimu akifa, hufundisha mwingine. Mtunzi peke yake ndiye huacha kitu ambacho huendelea kuzalisha, na swali linabaki kwamba mazao hayo humfikia nani.

Jibu la swali hilo haliko kwenye kipaji, liko kwenye karatasi. Nchi yetu ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, na sheria mpya, Na. 7, ilipitishwa mwaka 1999, ndiyo iliyoleta chombo tunachokiita COSOTA. Sheria hiyo ya 1999 iliweka kwamba haki za kiuchumi za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, kazi za mtunzi aliyefariki mwaka 1979 zina ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2029, na za aliyefariki mwaka 2014 hadi 2064. Mjukuu ambaye leo yuko darasa la kwanza atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla haki hiyo haijaisha. Kiwanja kina hati, na nyimbo vilevile zina hati. Tofauti ni kwamba hati ya kiwanja kila mtu huiuliza, na hati ya wimbo haiulizwi mpaka siku ya msiba.

Tena wimbo mmoja una wenye haki zaidi ya mmoja, na hapa vijana wengi hujikwaa. Yupo aliyetunga maneno na sauti yake. Wapo walioimba na kupiga vyombo. Yupo aliyegharimia kurekodi. Katika bendi za zamani wimbo ulijulikana kwa jina la bendi, na mtunzi alitajwa na mtangazaji mara moja kisha akasahaulika. Si muziki tu. Katika vinyago vya Wazaramo kiko kile kidogo kiitwacho mwana hiti, alichokuwa akipewa mwali. Vinyago hivyo leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, likiwemo la Metropolitan la New York, na wenye maarifa hukaa mbele ya kioo wakivistaajabia. Kwenye kibao huandikwa kabila: Zaramo. Jina la fundi aliyechonga, mtu aliyekuwa na mke na shoka na shamba lake, kwa kawaida halipo. Asiyeandika jina lake juu ya kazi yake amewapa wengine kazi ya kumsahau.

HESABU YA KIBAHA

Mpaka hapa tumezungumza juu ya wazee. Vijana wa leo hatuwakuti Masaki wala Mzenga. Wengi wao wako kwenye barabara kuu ya Morogoro, pale Kibaha, makao makuu ya mkoa, kuanzia Maili Moja mpaka Kongowe na mbele hadi Mlandizi. Wamefika huko kwa sababu ile ile iliyowapeleka wafanyakazi wengine wa Dar es Salaam: kodi ya chumba ni nafuu, kiwanja bado hupatikana, na daladala huwafikisha mjini kwenye kazi. Wako waimbaji, wachoraji wa mabango, wachongaji, wapiga kinanda wa harusi, washereheshaji. Hawana NUTA ya kuwaajiri wala kampuni ya santuri ya kuwangoja Nairobi. Wana simu ya mkononi na wingi wa shughuli za watu. Je, kwa vitu hivyo viwili inawezekana kujenga kazi ya kudumu?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha watu sita kimeitwa kupiga muziki kwenye harusi Mlandizi, kwa malipo ya shilingi 600,000. Gari la kubeba vyombo, mafuta ya jenereta na chakula vimemeza 120,000. Zimebaki 480,000. Desturi ya vikundi vingi ni kuzigawa papo hapo, usiku ule ule, nyuma ya jukwaa: 80,000 kila mtu, na kila mtu akaenda zake. Mwezi unaofuata kipaza sauti kimeungua, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Sasa ugawe upya. Hesabu vyombo kuwa ni mtu wa saba, na akiba kuwa mtu wa nane. Kila mmoja anapata 60,000. Wale sita wataguna kwa sababu ya elfu ishirini waliyoikosa. Lakini mtu wa saba hanywi wala havuti, anakaa akingoja kipaza sauti kiungue. Na mtu wa nane ana kazi yake maalumu, kwa sababu kalenda ya msanii wa Pwani si miezi 12. Mwezi wa Ramadhani dansi husimama na harusi huwa nadra. Kazi hurudi Idi ikiandama. Basi msanii huchuma miezi 11 na kula miezi 12. Kama kikundi hicho kina shughuli tatu kila mwezi kwa miezi 11, akiba ya mtu wa nane inafika shilingi 1,980,000, ambayo ni 330,000 kwa kila mmoja wa wale sita. Hiyo ndiyo futari ya watoto wao, na hawatamkopa mtu.

Linganisha na fedha nyingine ambayo vijana huiota sana, yaani mirabaha ya redio na televisheni. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya kazi zilizochezwa na vyombo vya utangazaji, jumla ya shilingi milioni 312, kwa wasanii zaidi ya 1,100. Ilikuwa hatua njema, na waliokuwa wakiidai kwa miaka mingi walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini gawa mwenyewe: wastani haufiki laki tatu kwa msanii. Kwa hiyo kijana asikae Maili Moja akingoja mirabaha imjengee nyumba. Mirabaha ni kama mnazi. Ni chakula cha wajukuu na nyongeza ya mwenye shamba, na anayeupanda lazima awe na mahindi ya kula wakati unakua. Ila asiyesajili kazi zake hana hata huo mnazi. Mgawo ulikwenda kwa kazi zilizojulikana ni za nani.

Hapa pana jambo dogo linalofaa kusemwa kwa sauti. Nyimbo siku hizi huwekwa kwenye mtandao, na akaunti ya mtandao ndiyo dirisha ambamo fedha hupitia. Mara nyingi kijana asiye na kitambulisho cha benki wala ujuzi wa kompyuta humwachia mwenye studio afungue akaunti hiyo kwa jina lake. Mwenye studio huenda ni mtu mwema. Lakini watu wema nao hugombana, huhama, hufa, na warithi wao hawakuwepo siku ya makubaliano. Akaunti iwe kwa jina la msanii au kikundi, na mwenye studio alipwe sehemu yake kwa maandishi. Daftari la shilingi elfu moja linatosha: jina la wimbo, tarehe, nani ametunga, nani amepiga, nani amelipia, kila mmoja na fungu lake, na saini zao wote chini. Pesa ikiisha kuingia, watu hukumbuka kwa namna tofauti.

Kibaha ina kitu kingine ambacho vijana wake hawakitazami vya kutosha, pengine kwa sababu kiko karibu mno. Mwaka 1963 serikali yetu na nchi za Ulaya ya Kaskazini zilianzisha kituo ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Tanzania, nacho ndicho Shirika la Elimu Kibaha. Wengi huijua sekondari yake na Hospitali ya Tumbi. Wachache hukumbuka kwamba ndani yake kimo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mahali pa kujifunza ufundi. Mwimbaji mwenye ufundi wa umeme hamwiti mtu kutengeneza spika zake, na siku ambazo hakuna harusi anafunga taa katika nyumba zinazoota kila siku kando ya barabara ile. Mchongaji anayejua useremala hutengeneza mlango wiki hii na kinyago wiki ijayo. Na kwa anayetaka sanaa yenyewe kuwa taaluma, mkoa huo huo unayo Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilifunguliwa mwaka 1981 na leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Cheti si kipaji, ni kweli, lakini cheti humruhusu msanii mwenye miaka 50 na goti bovu kufundisha wenye miaka 15.

Wako watakaosema kwamba kumwambia msanii awe na kazi ya pili ni kumdharau. Hatukubaliani nao. Mpiga ngoma wa Uzaramo alikuwa na shamba lake, na hakuna aliyesema kwamba ngoma yake ilikuwa nusu ngoma. Alikuwa na uhuru wa kukataa shughuli ya mtu asiyempenda. Msanii asiye na kitu kingine hana uhuru huo. Ataimba sifa za kila mwenye bahasha.

Kuhusu uzee, mfanyakazi wa ofisini hukatwa mchango wake kabla hajauona mshahara, na kwa hilo anapaswa kushukuru ingawa kila mwezi hulalamika. Msanii hana mtu wa kumkata, lazima ajikate. NSSF hupokea wanachama waliojiajiri. Kijana wa miaka 25 akianza sasa bila kuruka mwezi, anatimiza miezi 180 akiwa na umri wa miaka 40, na pensheni yenyewe itamngoja afike umri wa kustaafu. Huko Msondo kuhama bendi kulikata mambo mengi, lakini mchango wa mwanachama wa hiari haujali amehamia bendi gani. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii kupitia benki. Mkopo si zawadi. Ukinunulia vyombo vinavyoingiza fedha, utaulipa. Ukirekodia video moja ya kifahari na gari la kuazima, utakulipisha wewe.

Tunakuja kwako sasa, mzazi au mwenzi wa msanii, kwa kuwa kazi hii hufanyika usiku, na mlango wa nyumba hufunguliwa na wewe. Mke wa mwanamuziki anajua kwamba fedha ya sanaa huingia kwa kishindo na kutoka kimyakimya. Katika nyumba nyingi mume hurudi alfajiri na noti mfukoni, akalala mpaka saa nane mchana, na noti zile zikawa zimekwishapata wenyewe njiani. Njia iliyowasaidia baadhi ya familia ni msanii kujilipa mshahara. Fedha yote huingia kwenye akaunti moja, na tarehe mosi hutoka kiasi kile kile cha nyumba, mwezi wa harusi nyingi na mwezi wa harusi chache. Ni utaratibu wa NUTA, isipokuwa mwajiri ni wewe mwenyewe na mwenzi wako ni mhasibu. Si rahisi. Mwezi mnono ukifika, mkono huwasha.

Na kijana wako akija na ombi kwamba mbuzi wauzwe au kiwanja kiwekwe rehani ili akarekodi, usimfukuze na usimkubalie siku hiyo. Mwambie akae. Mwulize kazi hiyo ikitoka itauzwa kwa nani na kwa njia gani, na nani katika watu hao amekwisha kumlipa hata mara moja. Mwulize kama amejisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kazi zake COSOTA. Kama hajui pa kuanzia, Afisa Utamaduni wa halmashauri, Kibaha au Kisarawe, analipwa mshahara ili aulizwe maswali kama hayo. Mwulize vyombo atakavyopigia ni vya nani. Kisha mwombe alete lile daftari, mlifungue pamoja mezani, na umwonyeshe mstari wa kwanza ambao bado hauna jina.